Likizo ya watoto: Milima ya Upare kwanza, bahari baadaye

Basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Moshi likishapita Hedaru na Makanya, abiria waliokaa dirisha la kulia wanasindikizwa na ukuta mrefu wa milima. Chini ni mkonge, vumbi na miiba. Juu ni kijani, na mara nyingi kuna wingu limelala mgongoni. Wengi hawaitazami. Kwao Same ni mahali pa kuchimba dawa, kununua maji ya chupa na kuuliza dereva Moshi ni saa ngapi.

Hata familia zenye asili ya huko hazina tofauti kubwa. Watoto wanaokulia Dar es Salaam, Arusha au Mwanza hupelekwa Upareni kwa mambo mawili: msiba na Krismasi. Wanafika usiku wakiwa wamechoka, wanakula makande ya bibi, wanapigwa picha, na siku ya tatu wamo kwenye basi wakirudi. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kukutajia fukwe za Zanzibar alizoziona kwenye simu, lakini hajui kijito kinachopita nyuma ya nyumba ya babu yake kinakwenda wapi.

Kijito hicho kinaweza kuwa ndiyo safari yenyewe. Maji ya milima ya Upare hushuka kuelekea bonde la mto Pangani, na mto Pangani huishia Bahari ya Hindi. Mzazi mwenye siku saba au nane anaweza kuwafuatisha watoto njia hiyo: siku nne Same na milimani, kisha siku mbili au tatu baharini Pangani kwa kuogelea na kutazama samaki chini ya maji. Katika safari moja wanapata wanyama, msitu, bibi na bahari.

Kwa nini mlima uanze

Watoto wakisikia bahari, watataka bahari ianze. Hapa mzazi asikubali, hasa kama katika familia yupo anayetaka kuzamia kwa mtungi wa hewa.

Mtu anapovuta hewa ya mtungi akiwa chini ya maji, naitrojeni iliyomo kwenye hewa hiyo huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Akirejea juu, inahitaji muda kutoka polepole. Akipanda mahali pa juu kabla haijaisha, inaweza kutengeneza mapovu mwilini, kama soda inapofunguliwa kwa haraka. Mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, ganzi, kupooza, na yanaweza kuua. Ndiyo maana wazamiaji huambiwa wasubiri kiasi cha saa 18 mpaka 24 kabla ya kupanda ndege, na tahadhari hiyo hiyo inahusu kupanda milima kwa gari au kwa miguu. Kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote katika milima ya Upare, kina mita 2,462. Anayezamia Jumamosi asubuhi hapaswi kuwa njiani kwenda huko Jumamosi jioni.

Ukianza na mlima, hatari hiyo haipo. Na kutoka Pangani kurudi Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze, barabara haipandi milima mirefu. Hata hivyo, acha siku moja ya kupumzika kati ya kuzamia na safari ya kurudi.

Juni au Desemba?

Shule zina likizo ndefu mbili, na kila moja ina uzuri na kasoro yake.

Juni na Julai masika yamekwisha. Njia za milimani zimekauka, na Mkomazi nyasi zimeanza kupungua hivyo wanyama wanaonekana kwa urahisi zaidi. Lakini milimani ni baridi ya kutetemesha, na baharini ndio wakati wa upepo wa kusi, mawimbi makubwa na maji yaliyovurugika.

Desemba inaanza na vuli. Mvua ikikolea, barabara za udongo zinateleza na baadhi ya miteremko hailindiki. Wenyeji wa Same hawajasahau Novemba 2009, mvua kubwa ilipoporomosha udongo Mamba Miamba na kuua watu zaidi ya 20. Upande wa pili, kuelekea mwisho wa Desemba upepo wa kaskazi unaingia, na bahari huwa tulivu na angavu zaidi.

Kwa hiyo, familia inayoweka mbele mlima na wanyama ichague Juni, na baharini iridhike na kuogelea ufukweni. Inayotaka zaidi kutazama samaki ichague mwisho wa Desemba, ila iulize ndugu walioko juu hali ya barabara siku moja kabla ya kupanda. Wakisema subirini, subirini.

Siku ya kwanza: Same mjini

Same ni mji wa joto na ukavu. Reli ya kutoka Tanga, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Moshi mwaka 1911, ndiyo iliyoukuza, na stesheni bado ipo. Mtoto anayependa historia aambiwe kwamba mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakaja kupiga kambi hapa kupinga kodi mpya ya serikali ya kikoloni, kodi waliyoiita mbiru. Wanawake nao walisimama katika mgogoro huo. Utani kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku unachekesha, lakini nyuma yake kuna watu waliojua kudai haki yao kabla ya vyama vya uhuru.

Hapa pia ndipo somo la maji linapoanza. Kwa miaka mingi maji yalikuwa ya shida Same, na ndoo ilikuwa mali. Machi 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtoto afungue bomba, kisha aambiwe maji hayo yametoka kwenye mto ule ule atakaouona ukiingia baharini wiki haijaisha.

Usiku huo lala mjini, chini ya chandarua. Usipande mlima jioni na dereva aliyechoka.

Siku ya pili: Mkomazi

Lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Hilo ni jambo kubwa kwa mwenye watoto wadogo, kwa sababu mnaweza kuingia alfajiri na kutoka saa saba mchana kabla jua halijawachosha. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa miaka ya 2000. Ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200 na inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, hivyo tembo huvuka mpaka bila pasipoti.

Usiwaahidi watoto msururu wa magari na simba kila kona. Mkomazi ni kukavu, kumekaa kimya, na wanyama wake wengi ni wa nchi kavu: choroa wenye pembe ndefu zilizonyooka, tandala mdogo, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani. Bwawa la Dindera ni mahali pazuri pa kusimamisha gari na kusubiri. Mtoto atakayefundishwa kusubiri nusu saa bila kupiga kelele atakuwa amepata kitu ambacho simu haimpi.

Halafu kuna faru. Kufikia miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewamaliza faru weusi wa Mkomazi. Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyefariki mwaka 2022, alifika hapo mwaka 1989 na kusaidia kujenga eneo lenye uzio na ulinzi. Kuanzia mwaka 1997 faru waliletwa kutoka Afrika Kusini ili kizazi kianze upya. Ziara ya kuwaona hupangwa mapema na uongozi wa hifadhi, si jambo la kuomba getini.

Kuhusu malipo, langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au simu. Hakikisha laini yako ina salio kabla ya kuondoka mjini. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Beba kitambulisho, kwa kuwa bei ya raia wa Afrika Mashariki ni tofauti kabisa na ya mgeni.

Siku ya tatu na ya nne: juu

Kutoka Same unaweza kuizunguka milima kwa pande mbili: kwa barabara kuu upande wa magharibi, au kwa barabara ya Kisiwani upande wa mashariki, katikati ya mlima na hifadhi. Kisha zinaanza kona za kupanda. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kiasi cha nyuzi sita. Mtoto aliyevua shati Same atalilia sweta Chome.

Wenye nyumba ya bibi watalala kwa bibi. Wasio na bibi Upareni wanaweza kupata nyumba za wageni Mbaga, eneo ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani waliweka makazi yao zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbaga kuna mapango ya Mghimbi, ambako inasimuliwa kuwa wenyeji walijificha wakati wa kuwindwa utumwa. Pia kuna jiwe la Malameni, lenye simulizi nzito za kafara za kale. Mzazi aisikilize kwanza mwenyewe, kisha aamue wa miaka sita asikie kiasi gani.

Msitu wa Chome unaoizunguka Shengena ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake imekaa peke yake kwa muda mrefu mno kiasi kwamba kila mlima una viumbe wake. Hapa yupo kinengenenge wa Upare, ndege mdogo wa kijani na njano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana popote pengine duniani. Kuna pia mikulo, miti mikubwa yenye harufu ya kafuri, ambayo ilikatwa sana kwa mbao. Mtoto asugue gome kidogo, anuse, asivunje tawi.

Kibali kinachukuliwa ofisi ya misitu, na kiongozi wa njia ni wa lazima kwa usalama. Ukungu wa Shengena ukishuka, mtu hawezi kuona njia aliyopita dakika tano kabla. Wanaoanza vijijini alfajiri huhesabu siku nzima kwenda na kurudi. Watoto wa chini ya miaka kumi waishie pembezoni mwa msitu. Hakuna aibu kugeuka. Kanuni ni moja: saa sita mchana ikifika na kilele hakijaonekana, mnarudi.

Siku inayofuata si ya kupanda. Ni ya kutembea kijijini na kuona ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la asili ya Upare, lililojengwa kwa udongo na mawe kukinga kijito. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na maji yanapita kwenye mifereji, yaani mifongo, kwenda mashambani kwa zamu. Nyingi zilianzishwa na koo zamani, na baadhi zimesakafiwa kwa saruji siku hizi. Zamu zina wasimamizi, na ukarabati hufanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu wake. Anayekwepa msaragambo hulipa faini, na zamu yake inaweza kuchelewa. Mtoto wa mjini anayedhani maji ni ya kufungua tu atashangaa kusikia kwamba mzee fulani aliamka saa tisa usiku kwa sababu ndiyo saa yake.

Angalizo kwa wazazi: ndiva si bwawa la kuogelea. Kwanza ni maji ya watu ya kumwagilia. Pili, kuta zake zinateleza na kina hubadilika ndani ya saa chache. Tatu, maji yaliyosimama huweza kuwa na kichocho. Kanuni hiyo hiyo ishikwe kwenye mabwawa ya chini. Nyumba ya Mungu na Ziwa Jipe ni mahali pa kutazama ndege na mitumbwi. Kuna viboko na mamba, na hakuna mtoto anayepaswa kuingia hata mpaka magotini.

Njiani mtaona vichaka vya miti vilivyoachwa katikati ya mashamba. Baadhi ni mpungi, mahali pa matambiko ya ukoo, au mshitu, ambako vijana walifundwa. Hata kama familia yenu haifuati mila hizo, msiingie bila ruhusa ya wazee. Kabla ya kushuka, nunueni tangawizi. Ile ya Mamba Miamba ina sifa yake, na kikombe cha chai ya tangawizi ndicho kinachoondoa baridi ya Shengena mifupani.

Siku ya tano: kufuata mto

Kutoka Same kwenda Pangani ni kurudi na barabara kuu kupitia Mombo, Korogwe na Segera, kisha kuingia Muheza au Tanga. Ipe siku nzima. Kwa sehemu kubwa mto Pangani hauko mbali na barabara. Waonyeshe watoto, na waambie kwamba karibu na Hale maji hayo hayo yanazungusha mitambo ya umeme kabla hayajafika baharini.

Jioni simameni kwenye mdomo wa mto, Pangani mjini. Ni mji mkongwe, uliokuwa bandari ya misafara na kitovu cha vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani mwaka 1888. Maji ya hapo ni ya udongo, na kuna mahali yanakutana na ya bahari. Huo ndio mwisho wa kijito cha babu.

Siku ya sita na ya saba: Maziwe

Maziwe ni hifadhi ya bahari iliyo mbele ya Pangani. Zamani ilikuwa kisiwa chenye miti. Mchanga ulimomonyoka, miti ikaanguka, na sasa ni fungu jeupe linaloonekana maji yakipwa tu. Kuzunguka fungu hilo kuna matumbawe na samaki wa rangi. Kwa sababu kisiwa hufunikwa maji yakijaa, safari hupangwa kwa kalenda ya bamvua na si kwa saa mnayoamka. Muulizeni nahodha atatoka saa ngapi na atarudi saa ngapi, na mumwamini.

Kwa watoto wengi, miwani na mrija wa kupumulia vinatosha kabisa. Wafanye mazoezi kwanza kwenye maji ya kiunoni mpaka waweze kutoa maji ndani ya mrija bila hofu. Kila mmoja awe na jaketi la kuokolea linalomkaa, ndani ya mashua na ndani ya maji. Kama mashua haina la ukubwa wa mtoto, mtoto haendi. Kuzamia kwa mtungi ni jambo la wakubwa na vijana waliofunzwa. Mashirika makubwa ya mafunzo duniani hayampokei mtoto wa chini ya miaka kumi kwenye kozi ya bahari. Mwenye mafua, pumu au matatizo ya masikio aulize daktari nyumbani, kabla ya kulipa.

Na matumbawe hayakanyagwi. Ni viumbe hai, hukua taratibu sana, na yanakata.

Barabara

Katika safari nzima, hatari kubwa kuliko faru na mawimbi ni lami. Jioni ya Juni 28, 2025, basi na koasta ziligongana eneo la Sabasaba wilayani Same na kuwaka moto. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Mwisho wa mwaka barabara hii hujaa watu wanaokwenda Krismasi na madereva wanaofukuzana na muda.

Katieni tiketi mapema ili msilazimike kupanda lolote litakalotokea. Safirini mchana. Mwenye gari lake akague matairi na breki kabla ya kona za mlimani, alale vya kutosha, na watoto wakae nyuma wamefunga mikanda. Abiria ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na watoto wakisikia mama yao akisema hivyo kwa heshima na bila woga, nao wamejifunza.

Mizigo na mfuko

Kila mtoto abebe begi moja: sweta na koti la mvua, viatu vyenye meno, kofia, nguo ya kuogelea yenye mikono, viatu vya plastiki vya majini, tochi. Mzazi abebe dawa za homa na kuharisha, chumvi za kuongeza maji mwilini, vyandarua na maji ya ziada kwa ajili ya Mkomazi.

Fedha zikibana, punguzeni kwa mpangilio huu: toeni kuzamia kwanza, kisha ziara ya faru, kisha siku ya pili ya Maziwe. Nauli ya gari salama na jaketi la kuokolea havipunguzwi.

Siku za kijijini nazo zisiguswe. Bibi hatadai Mkomazi wala Maziwe. Atadai kuona wajukuu mchana, wakiwa wameamka, wakimuuliza ndiva ilichimbwa na nani na zamu ya nyumba hii ni saa ngapi. Huenda yeye ndiye wa mwisho nyumbani hapo anayejibu swali hilo bila kumpigia mtu simu. Nendeni angali ana nguvu ya kuwaongoza mpaka kwenye mfongo.